Litein: Nyumba Kumi Ilipokuta Kokwet

Anayetoka Kericho kuelekea Sotik huimaliza Litein kwa dakika chache. Kuna maduka pande mbili za lami, steji za bodaboda, na hospitali ya AIC ambayo mizizi yake inarudi hadi wamisheni wa mwaka 1924, kisha chai inaanza tena. Ila mji huu mdogo, makao makuu ya Bureti, umebeba makazi ya aina mbili. Juu kwenye matuta kuna boma za wakulima, kila moja ndani ya shamba lake, michai ikikaribia kugusa mlango. Chini mjini kuna ploti za kupanga, vyumba vimepangwa mstari mmoja, na mpangaji hajui jirani yake anatoka wapi. Kote kuwili serikali imeleta mpango mmoja wa usalama: Nyumba Kumi, ambapo majirani hupangwa katika vikundi vidogo vya kulindana. Matutani hushika upesi, kwenye ploti hulegea. Sababu iko katika muundo wa makazi yenyewe.

Kenya iliuchukua mpango huu kwa haraka. Septemba 21, 2013 magaidi walivamia jumba la Westgate jijini Nairobi na kuua watu 67. Muda mfupi baadaye Rais Uhuru Kenyatta akahimiza Nyumba Kumi, na Joseph Kaguthi, aliyewahi kuwa mkuu wa mkoa, akakabidhiwa usukani wake. Wazo lilitoka Tanzania, ambako chama cha TANU kiliweka mabalozi wa nyumba kumi katika miaka ya 1960. Kilichovuka mpaka, hata hivyo, ni jina zaidi ya kitu chenyewe. Balozi wa Tanzania alikuwa na chama mgongoni: mgeni aliyelala, ugomvi wa mume na mke, barua ya kumtambulisha mkazi, vyote vilipita kwake. Mwenzake wa Kenya hakupewa mshahara wala chama. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inatambua ulinzi shirikishi na kamati zake. Mwenyekiti wa Nyumba Kumi amekaa chini kabisa ya ngazi hiyo, na silaha yake pekee ni kusikilizwa na majirani.

Matutani Bureti, kusikilizwa huko kulikuwapo kabla ya Kaguthi na kabla ya Kenya yenyewe. Wakipsigis, wenyeji wa huku, wana kokwet: ujirani wa boma zinazoshiriki kijito, njia na malisho, na papo hapo kikao cha watu wa boma hizo. Mwanaanthropolojia J. G. Peristiany, aliyechapisha kitabu chake kuhusu Wakipsigis mwaka 1939, aliukuta ndio uwanja ambamo mambo ya kila siku yalikatwa. Jambo moja katika muundo huo linastahili kuangaliwa kwa makini. Kokwet haikufuata ukoo. Watu wa koo mbalimbali waliishi kwenye tuta moja, kwa hiyo kijana mwizi hakuwa na mahali pa kujifichia nyuma ya baba zake. Aliyemshtaki alikuwa jirani, waliomsikiliza walikuwa majirani, na kesho yake alikutana nao wote mtoni. Mzee aliyeongoza kikao hakuwa na askari. Alikuwa na kumbukumbu ya nani alisema nini mwaka jana.

Ukoloni ulijaribu njia nyingine. Wizi wa ng'ombe ulipowakera walowezi, serikali ilitunga sheria ya mwaka 1913 iliyotoza faini ya mara kumi ya thamani ya mnyama, na mwizi aliposhindwa kulipa, mzigo uliwaangukia ndugu na jamaa zake. Haikutosha. Mwaka 1934 ikapitishwa sheria maalumu ya kuwahamisha Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho waliodaiwa kuchochea wizi na ukaidi. Mamia ya watu, wake kwa watoto, walipelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria, penye malaria na mbung'o, na wengi hawakuruhusiwa kurudi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukiutazama kama mbinu ya usalama tu, mpango huo ulikuwa na kasoro ya msingi: uliwaadhibu waliojua pamoja na waliotenda. Nani ataenda kwa DC, mkuu wa wilaya, kutaja jina, ilhali jina hilo linaweza kumrudia yeye, mama yake na ng'ombe wake?

Kikao cha majirani hufanya kinyume. Anayejua akisema, mzigo unamshukia aliyetenda peke yake.

Ndiyo maana Nyumba Kumi ilipofika kwenye matuta ilikuta kazi nusu imeshafanyika. Mzee wa kijiji anayemfikishia chifu habari mara nyingi ndiye yuleyule anayeheshimiwa kwenye kokwet. Ardhi nayo inasaidia. Nchi ya Bureti ni migongo iliyotenganishwa na vijito, na ng'ombe wa wizi hawezi kupita kati ya michai iliyoshonana. Lazima afuate njia na avuke mahali penye kivuko. Kamsa ikipigwa usiku, kazi ya kwanza ni kuwahi vivuko na njia panda kabla ya kumtafuta mwizi. Siku hizi simu hutangulia sauti. Alfajiri zinafuatwa nyayo, kwa kanuni inayojulikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki: nyayo zikiingia kwenu, mnazionyesha zilipotokea au mnajieleza.

Wizi wa majani ya chai ni mgumu zaidi, kwa kuwa jani halina alama. Mkulima wa KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, anapopeleka jani kwenye kituo, kilo zake zinaingia kwenye namba yake. Namba ikianza kuzidi shamba, maswali yanazuka. Soko huru halina namba ya aina hiyo: mnunuzi anakuja na gari, analipa taslimu, anaondoka. Hapo ulinzi wa tuta zima unavujia kwenye tundu moja, na hakuna mwenyekiti wa Nyumba Kumi awezaye kuliziba akiwa peke yake. Linahitaji kiwanda kinachouliza jani limetoka wapi.

Mjini hadithi inabadilika. Mpangaji analipa kodi kwa M-Pesa kwa mwenye ploti ambaye huenda hajamwona mwaka mzima. Muuguzi yuko zamu ya usiku, mwalimu anahama shule, mwenye bodaboda anahama chumba. Mwongozo wa Nyumba Kumi unakiri kwamba kumi si hesabu ya kukariri. Kundi laweza kuwa ploti moja au mstari wa maduka. Kinachokosekana ni yule mtu anayekutana na wote. Kwenye ploti mtu huyo yupo, ni msimamizi anayefungua geti na kukusanya takataka, lakini kamati huundwa na wenye majengo na wazee wasiolala pale. Matokeo yake ni daftari la majina bila kikao. Taa za mulika mwizi hufaa, kwa maana humnyima mwizi giza. Haziwezi kumwambia mtu kwamba anayebeba televisheni saa tisa usiku si mpangaji wa chumba namba sita.

Daftari lenyewe lina hatari zake. Tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na namba za vitambulisho vya wapangaji ishirini kwenye daftari la shule lililoachwa juu ya kaunta ya duka ni mwaliko kwa matapeli. Kubwa kuliko hilo ni swali la nani anahesabiwa kuwa jirani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wa jamii nyingine walishambuliwa na kufukuzwa katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, na waliowageuka ni pamoja na watu waliokuwa wakiwajua kwa majina. Kujuana kunaweza kulinda, na kunaweza kuandaa orodha. Kamati ya mtaa wa Litein isiyo na Mkisii, Mjaluo wala Mluhya hali wanaishi humo ni kamati yenye ufa tangu siku ya kwanza, hata ikikamata wezi kila wiki.

Na mwizi akishakamatwa? Kifungu cha 34 cha Sheria ya Taratibu za Jinai kinamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda mbele yake kosa ambalo polisi wanaweza kumkamatia bila hati. Cha 35 kinamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Katiba, ibara ya 49, inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au saa hizo zikiisha nje ya muda wa kazi wa mahakama, kufikia mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Wanaomchapa mshukiwa njia panda wanajitia kwenye kesi yao wenyewe, na wanampoteza aliyeweza kumtaja mnunuzi wa mali ya wizi.

Kwa wenye ploti wa Litein, basi, kazi ya kuanzia si ghali. Mwingizeni msimamizi na angalau mpangaji mmoja kwenye kamati, ketini mara moja kwa mwezi hapo hapo kwenye ploti, daftari lifungiwe kabatini, na namba ya kituo cha polisi ibandikwe getini.