Tanbihi Kinywani mwa Mgeni

Walioisikiliza The Colour of Magic katika usomaji mpya wa mwaka 2022 hawana haja ya kukumbushwa kwamba Terry Pratchett, katika kitabu hicho cha mwaka 1983, aliufanya ulimwengu wake bapa, Diski, kuwa ubao wa mchezo, miungu wakirusha dadu kandoni, na Rincewind, mchawi aliyefeli masomo, pamoja na Twoflower, mtalii mwenye dhahabu nyingi na hadhari haba, wakisukumwa juu yake kama kete. Colin Morgan anausoma mchezo huo kwa uchangamfu na ufasaha, na woga wa Rincewind anaujua barabara. Juu yake sina neno. Neno langu ni juu ya tanbihi, ambazo watengenezaji waliona vema kuzitoa kinywani mwa msomaji na kumkabidhi Bill Nighy, azma ambayo sikuiafiki tangu iliposemwa kuwa itatumika katika vitabu 40 vya mfululizo wa Diski, na baada ya kusikiliza siiafiki zaidi.

Chukueni tanbihi ile ndefu ya sehemu ya kwanza, inayoeleza umbo la Diski: tembo wanaoibeba, mwaka wa siku 800, na pande za dunia zinazohesabiwa kwa kitovu na ukingo, si kwa kaskazini na kusini. Katika chapa, jicho huteremka chini ya ukurasa, likasoma herufi ndogo, likapanda tena hadi pale lilipoacha, na muda wote huo halikuondoka mbele ya mtu mmoja, yaani yule yule aliyekuwa akisimulia kwa uso mkavu, ambaye sasa ameinama kidogo ili atunong'oneze upuuzi kwa taadhima ya mwanachuoni. Dhihaka yote imo katika kuinama huko. Katika rekodi, Morgan anakatwa. Kinapita kimya kifupi. Sikio linahamishwa chumba. Anaingia bwana mwenye sauti ya hariri, anatoa darsa lake, anaondoka. Kisha Morgan anarudi na mwendo ule ule aliokuwa nao, kana kwamba hakuyasikia yaliyosemwa nyuma yake. Na kwa hakika asingeweza kuyajibu kwa pumzi wala kwa mnong'ono, maadamu hayakutoka kwake. Tena mzaha wa Pratchett hupenda kutufikia kwa ghafula, ilhali mzaha uliotanguliwa na sauti ngeni umekwisha piga hodi, nasi tumekwisha kaa mkao wa kucheka kabla haujaingia.

Nighy mwenyewe anasoma vizuri mno, na hilo ndilo linalozidisha hasara, kwa kuwa msikilizaji huanza kuingoja sauti yake na kuisahau hadithi.

Watetezi watanitajia Mauti, aliyepewa Peter Serafinowicz. Hapo waliamua kwa insafu. Mauti katika chapa husema kwa herufi kubwa tupu, bila alama za kunukuu, na mpiga chapa amekwisha mtenga na wenzake kabla ya msomaji kufungua kinywa. Anapomkuta Rincewind mjini Ankh-Morpork na kustaajabu, kwa kuwa miadi yao ilikuwa Psephopololis (nasaba ya kisa hiki na hikaya ya Baghdad na Samarra, ya mtu anayeyakimbia Mauti na kuyakuta kule kule alikokimbilia, iko bayana), inafaa sauti yake itoke mahali pengine. Lakini Mauti ni mhusika. Tanbihi si mhusika. Ni msimulizi mwenyewe aliyepunguza ukubwa wa herufi, na herufi ndogo hazimpi mtu koo jipya.

Nigel Planer alilijua hilo. Katika rekodi zake za zamani, mji mzima, sanduku lenye miguu, mashujaa, wezi, na tanbihi vilipita katika koo moja, nawe hukupotea. Leo, kila kazi ikitangazwa, husomewa kwanza orodha ya nyuso mashuhuri za filamu, na nashuku kwamba tanbihi nazo zilikatwa kando ili orodha ipate jina moja zaidi. Nimelalamika mara nyingi juu ya kanda za Tony Robinson za vitabu hivi, zilizofupishwa kwa ukatili hata hadithi ikabaki mifupa; walakini Robinson, hata katika mifupa hiyo, alisimulia peke yake, na mzaha uliosalimika makasi aliuanza na kuumaliza yeye.