Theluji Isiyopiga Kelele

Barabara kuu ya mji wa Bedford Falls, ile anayoikimbia George Bailey usiku wa mkesha wa Krismasi huku akiyatakia heri hata majengo, ilijengwa kwenye ranchi ya studio ya RKO huko Encino, California. Seti ilienea ekari 4, ikiwa na maduka na majengo 75 na miti 20 ya mialoni iliyohamishiwa pale ikiwa imeshakomaa. Frank Capra aliipiga filamu yake, It's a Wonderful Life, kuanzia Aprili hadi Julai 1946, na kiangazi hicho joto lilifika nyuzi 32. Ni joto la Desemba ya Dar es Salaam kabisa. Hata hivyo, kwangu mimi hakuna filamu ya Krismasi yenye theluji nzuri kuliko hii, na sababu yake inahusu masikio kuliko macho.

Kufanya ardhi ionekane nyeupe haikuwa kazi ngumu kwa Hollywood. Katika The Wizard of Oz ya 1939, theluji inayomwangukia Dorothy na wenzake kwenye shamba la mipopi ilikuwa asbestosi, nyuzi ambazo leo tunajua zinaleta saratani. Njia nyingine iliyozoeleka ilikuwa konfleksi, zile zile za kifungua kinywa, zikipakwa rangi nyeupe. Kwenye kamera zinapendeza. Mtu akianza kutembea juu yake ndipo balaa linapoanza: kila hatua zinavunjika kru, kru, na maikrofoni inanasa yote. Ikabidi mazungumzo yarudiwe baadaye studio, mwigizaji akiwa amepumzika, anakimbizana na midomo yake mwenyewe kwenye skrini. Kwa filamu ya nyimbo na vichekesho hilo linavumilika. Kwa hadithi ya mtu kama George, aliyekwenda darajani kujitoa uhai, sauti ya kurudia haiwezi kubeba mzigo huo.

Aliyepewa kazi ya kutafuta theluji mpya ni Russell Shearman, fundi wa RKO. Alichukua foamaiti, povu la kuzimia moto, akalichanganya na sukari, maji na sabuni ya vipande vyembamba. Mchanganyiko huo ulirushwa kwa shinikizo kubwa kupitia mashine ya upepo, ukatoka kama chembe zinazoelea kabla ya kutua. Zilitumika zaidi ya lita 22,000. Tazama mabega ya James Stewart, anayeigiza George, anapohangaika barabarani: theluji imenata kwenye kitambaa, imemkaa hata kwenye nywele, wakati konfleksi ingeporomoka papo hapo. Na haikuwa na kelele. Capra akaweza kurekodi sauti palepale, watu wakitembea na kuongea kama watu. Kwa mbinu hiyo ya theluji, Shearman na wenzake wa RKO walipata tuzo ya kiufundi ya Akademia.

Capra aliipa pia theluji kazi ndani ya hadithi, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. George anatamka kwamba bora asingezaliwa. Malaika wake, Clarence, anamkubalia, na saa ileile theluji inakoma kudondoka. Hakuna radi wala moshi. Mdomo uliokuwa ukivuja damu umekauka, sikio lililokuwa bovu tangu utotoni linasikia, nje hakudondoki kitu. Baadaye, akiwa ameinamia ukingo wa daraja akiomba arudishiwe maisha yake, theluji inaanza tena, na hapo askari Bert anamwita kwa jina. Mtazamaji anajua amerudi kabla yeye mwenyewe hajajua. Ishara ya namna hiyo inahitaji theluji ambayo fundi anaweza kuianzisha na kuikatisha kwa amri. Theluji ya mbinguni haipokei amri.

Kasoro zipo. Darajani uso wa Stewart unang'aa kwa jasho, na hakuna mvuke unaotoka kinywani mwa yeyote, jambo ambalo mkazi wa Chicago angelishangaa. Capra alilijua tatizo hili kuliko wengi. Miaka tisa kabla, katika Lost Horizon ya 1937, aliwapeleka waigizaji ndani ya ghala la barafu mjini Los Angeles ili pumzi zao zionekane zikifuka, na zikaonekana. Lakini mji mzima wenye maduka, mialoni na mtu anayeukimbia kutoka mwanzo hadi mwisho hauingii ghalani. Ilibidi kitu kimoja kiachwe, akaacha mvuke. Kila ninaposikia sauti ya Stewart ikimkatika pale darajani, naona alichagua sawasawa.