Mkeka na Tanga

Jioni moja nilikuwa ndani ya daladala ya Mbagala, tumesimama kwenye foleni tangu jua lingali juu, nikafanya nifanyalo kila chombo kinapogoma kwenda: nikapanda mkeka wangu. Niliutandika utotoni na sijaukunja mpaka leo. Unainuka taratibu juu ya mapaa ya magari, unapita juu ya nyaya za umeme na vilele vya minazi, unashika bahari, na mimi nimejilaza ubavu, kikombe cha kahawa kiko mbele yangu wala hakimwagiki. Nauli hakuna, jasho hakuna, kugombania mlango hakuna. Nilikuwa nimekwisha kuuona mchanga wa kusini mwa Unguja pale kijana aliyeketi kando yangu alipojipiga kofi la paja akasema kwa uchungu, "Mkeka umechanika!"

Nilishtuka nikashika chuma cha kiti cha mbele. Kijana hakuwa na habari zangu. Mkeka wake ulikuwa wa kubeti mpira: mechi kumi kwenye simu, tisa zimekwenda alivyotaka, ya kumi limeingia bao katika dakika za nyongeza. Nilimpa pole, naye akaipokea kama pole ya msiba. Lakini kwa muda wa pumzi moja nilikuwa nimeanguka kweli kutoka juu.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifuata neno hili kila linakokwenda. Dereva akitoka kwenye mashimo akaingia kwenye lami mpya, atakwambia sasa ni mkeka mtupu. Majina ya viongozi walioteuliwa yakitoka usiku, asubuhi watu huulizana kama wameuona mkeka. Kitu kilicholala kikatulia, kitu kilichopangwa mstari kwa mstari, kitu ambacho kikiachia mahali pamoja hasara ni ya kitu kizima: vyote hivyo tumevipa jina la kazi ya mikono ya bibi zetu. Na wengi tunaolitumia jina hilo hatujawahi kuketi karibu na mtu anayesuka. Mimi niliketi. Utoto wangu mwingi ulipita hapo.

Bibi mzaa baba alikuwa msukaji katika kijiji kimoja cha kusini mwa Unguja, mahali ambapo mtoto huujua mlio wa ukindu unaochanwa kabla hajajua herufi. Kazi huanzia kwenye mkindu wenyewe. Hukatwa kuti changa la katikati, ambalo halijafunguka, kwa sababu jani lililokwisha kukunjuka likapigwa na jua mtini huwa gumu. Kuti huanikwa mpaka ukijani utoke na ukindu uwe mweupe. Umande ukiupata hufanya madoa, kwa hiyo Bibi aliuanua kila magharibi kama anayeanua nguo za mtoto mchanga. Kisha huchanwa kuwa chane, na hapo ndipo heshima ya mkeka inapoanzia. Mkeka wa kukalia uani hauna masharti mengi, lakini msala wa zawadi hutaka chane nyembamba zinazolingana, na kuzilinganisha ni kwa jicho na kucha tu. Zile za rangi huchemshwa sufuriani, zambarau, kijani, nyekundu, na vidole vya Bibi vilibaki na rangi hizo wiki nzima.

Halafu lipo jambo ambalo bado linanishangaza: mkeka hausukwi ukiwa mkeka. Kinachosukwa ni ukili, ukanda wa upana wa vidole vichache, na urefu wake ni kadiri ya subira ya mtu. Uchane hupita juu ya mbili, chini ya mbili, ukifika ukingoni hukunjwa ukarudi. Bibi alisuka akizungumza, alisuka akisikiliza redio, alisuka akitembea kwenda kwa jirani, bunda la ukili liko kwapani. Hakuwa akitazama. Ukili huhesabiwa kwa pima, na mkeka mmoja wa kulalia hula pima nyingi. Mara kwa mara aliingiza uchane wa zambarau, nami nikiutazama ule ukanda peke yake niliona kama amekosea: doa hapa, doa pale, hayaelekei popote.

Siku ya kushona ndipo nilipofumbuliwa macho. Ukili hulazwa ubavu kwa ubavu, sindano ya shazia ikapita ukingo huu ikarudi ukingo ule, na yale madoa, moja lililosukwa siku ya mvua, jingine siku ya harusi ya jirani, yakasogeleana, yakagusana, yakawa ua. Niliona ua likitokea mahali ambapo hapakuwa na ua. Nilipiga kelele kwa furaha, nikadhani tumepata bahati kubwa. Bibi alicheka mpaka akaiweka shazia chini. Alikuwa amehesabu, majuma mengi nyuma, doa lipi litakutana na lipi.

Usiku tulilala uani juu ya mikeka hiyo, naye akatuhadithia habari za Nabii Suleiman aliyetiishiwa upepo, na busati lake lililobebwa na upepo huo: mwendo wa asubuhi ni safari ya mwezi mzima, na mwendo wa jioni ni safari ya mwezi mzima. Nikauliza swali ambalo kila mtoto angeuliza.

"Bibi, na huu wetu mbona hauruki?"

Hakuwa mtu wa kumdanganya mtoto, wala hakuwa mtu wa kumvunja moyo. Alinijibu, "Bado haujakwisha."

Nilipapasa pindo gizani, kona zote nne. Niliona umekwisha kabisa. Lakini sikumbishia, nikalala nikiwa na hakika kwamba siku moja atauongezea kile kilichopungua.

Miaka ikapita, nikahamia Dar es Salaam. Safari moja ya kwenda nyumbani nilinunua mkeka katika soko la Darajani nimpelekee rafiki, na kwa kuwa boti yangu ilikuwa ya mchana, nikaingia katika jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib, mjini Unguja, na mzigo wangu begani. Hii ilikuwa kabla jumba lile halijafungwa kwa ubovu, na miaka kabla sehemu yake haijaporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Humo ndani nilikuta mtepe, chombo cha kale cha baharini, ulioundwa upya kwa ajili ya makumbusho. Niliuzunguka mara mbili nikitafuta msumari. Mtepe hauna msumari. Mbao zake hulazwa ubavu kwa ubavu, hutobolewa kingoni, hushonwa kwa kamba za nazi, kamba ikapita ukingo huu ikarudi ukingo ule. Nilikuwa nimekwisha kuiona kazi hiyo mahali, lakini sikukumbuka ni wapi.

Mzee mmoja aliyekuwa akiangalia pamoja nami aliutazama mtepe, akautazama mzigo wangu, akauliza kwa upole, "Tanga lake si hilo ulilobeba begani?"

Sikumwelewa, akanieleza. Mtepe haukupandisha kitambaa. Ulipandisha mkeka: tanga la mraba, la majani yaliyosukwa. Niliushusha mkeka wangu nikaukunjua pale pale sakafuni, tukautazama wote wawili bila kusema, watu wakitupita.

Tangu siku hiyo nimeusoma mtepe kila nilipoupata. Ulikuwa chombo cha pwani ya kaskazini, cha visiwa vya Lamu na Wabajuni, ukibeba boriti za mikoko na mizigo mingine huku na huku. Omo yake ilinyooshwa kama shingo ya ngamia, na wazee walisema ni ngamia wa Mtume. Vyombo vya kushonwa katika pwani yetu ni vya kale mno: kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kiitwacho Periplus kinaitaja bandari ya Rhapta na kueleza kwamba jina lake limetokana na vyombo hivyo. Tanga la mkeka halishindani na upepo wa mbele. Hutaka upepo wa nyuma, kwa hiyo nahodha alisubiri kusi ili apande kaskazini, akasubiri kaskazi ili ashuke, na kusubiri huko kulikuwa nusu ya ubaharia. Kufikia katikati ya karne ya 20 hapakuwa tena na mtepe baharini.

Basi mkeka uliwahi kubeba watu. Uliinuliwa juu, ukashika upepo, ukawapeleka mbali. Chombo chenyewe kilishonwa kama mkeka na kikasukumwa na mkeka. Na wala haikuwa safari ya mteremko. Mbao za kushonwa huingiza maji, kwa hiyo saa zote kulikuwa na mtu ngamani akiyatoa. Juu msafiri ameegemea mzigo wake anaangalia mawingu, na chini yake mtu amepinda mgongo na ndoo. Ninapoota juu ya mkeka wangu wa foleni, siku hizi namkumbuka na huyo. Namkumbuka pia yule aliyekaa kivulini mwezi mzima, pima juu ya pima, ili upepo upate mahali pa kushika.

Shuleni tulifundishwa kwamba sadfa ni mbinu ya kuangaliwa kwa makini. Mwandishi akiwakutanisha wahusika wake kwa bahati mara moja, msomaji humsamehe. Akirudia, hadithi haisadikiki tena. Nimeyafundisha hayo mwenyewe na bado nayaona sawa kwa hadithi. Kwa maisha sina hakika. Siamini kwamba kijana wa daladala alitumwa aniambie neno, wala kwamba yule mzee aliwekwa pale kunisubiri mimi. Lakini nimegundua kwamba sadfa hazinijii siku nisizobeba kitu. Ningeingia Beit al-Ajaib mikono mitupu, mzee asingekuwa na la kuniuliza. Kama kichwani mwangu usingekuwamo mkeka unaopaa juu ya Mbagala, lile neno la kijana lingepita kama yanavyopita maneno mengine mia ya ndani ya daladala. Mwenye kubeba jambo kwa muda mrefu hukutwa na nusu yake nyingine njiani, na Bibi, aliyebeba bunda lake kwapani miaka hamsini, alikuwa akiona vitu vikikutana kila siku. Alivisalimia tu kwa kichwa na kuendelea kusuka.

Alifariki wakati wa kaskazi. Nilivuka na boti ya asubuhi, bahari imetulia, saa mbili hivi za safari ambazo sikuzihisi. Alilazwa juu ya mkeka aliousuka mwenyewe. Baada ya swala tukamchukua, na kama ilivyo ada tukapokezana mabegani, mtu hatua chache, anaingia mwingine, mikono ikitafutana chini ya jeneza, wengine watu wa njiani ambao hawakumjua hata jina. Njia ya makaburini ni ya mawe na inapanda. Jeneza lilikwenda juu ya vichwa vyetu haraka, laini, bila mtikisiko, kana kwamba halikanyagi chini. Kwa kweli halikukanyaga.

Kisha tukakaa matanga. Wanawake ndani, wanaume nje chini ya mwembe, na mikeka ikatandikwa yote iliyokuwamo nyumbani, mipya na iliyochakaa, mpaka ua wote ukafunikwa. Siku ya pili, alasiri, nimekaa nikipitisha kidole juu ya ua moja la zambarau, nililoliona likitokea nikiwa na miaka saba, neno lenyewe likanijia kama sijawahi kulisikia. Matanga. Wingi wa tanga. Maisha yangu yote nimelisema neno hili kwenye misiba bila kulitazama. Nikainua kichwa nikauona ua wote: matanga yametandazwa chini, yamejaa watu, na upepo wa kaskazi unainua pembe za yale mepesi na kuziweka tena.

Sikumwambia mtu. Nilibonyeza pembe iliyokuwa karibu yangu kwa kiganja, ikatulia, nikaiachia, ikainuka.

Siku ya kuondoa msiba, shangazi aliniita chumbani kwa Bibi. Juu ya msumari ukutani lilining'inia bunda la ukili, pima kadhaa, na mwishoni chane zimetawanyika kama nywele ambazo hazijachanwa. Alikuwa ameachia hapo. Nilitaka kulichukua lilivyo, niliweke Dar es Salaam mahali pa kuonekana. Shangazi akasema, "Wewe, kitu cha kusukwa hakitundikwi." Akaketi kitandani, akalowesha chane kwa maji ya bakuli zilainike, akaniwekea ncha vidoleni. Mikono yangu mikubwa ilikuwa mizito na sikuwa na adabu ya kazi ile. Juu ya mbili, chini ya mbili. Nilikosea, akafumua, nikakosea, akafumua.

Uchane mmoja ukafika mwisho. Nilianza kutafuta namna ya kuufunga na mwingine, shangazi akanipiga kofi dogo la mkono.

"Usifunge fundo, litaumiza mtu mgongo. Laza mpya juu ya wa zamani. Ziende pamoja, mara tatu, mara nne. Halafu huo wa zamani uuache uishe wenyewe."