Pongezi kwa Walimu wa Kusoma Saa
Miongoni mwa kazi za mwalimu wa madarasa ya mwanzo nchini Tanzania, kufundisha kusoma saa kunastahili pongezi za pekee, kwa kuwa mtoto hutakiwa kuona mshale umeelekea 7 na kutamka saa moja. Hesabu ya saa za Kiswahili huanza na macheo, wala si usiku wa manane, hivyo tarakimu inayosomwa ni ile inayokabiliana na akrabu fupi, yaani mshale wa saa, ilhali akrabu ndefu, ambayo ni mshale wa dakika, husomwa palepale ilipo. Mwalimu hukata duara la boksi, hubana mishale miwili katikati kwa pini, kisha humwachia mtoto aizungushe mwenyewe. Kigumu zaidi ni kasorobo, yaani robo saa kabla ya saa kutimia: akrabu fupi haijafika 8, lakini jibu sahihi ni saa mbili kasorobo, na hapo hata baadhi ya watu wazima hubabaika. Kazi hii inastahili heshima ileile inayopewa ufundishaji wa kusoma na kuandika.