Wanafunzi Waendao Kujenga Nyumba za Maskini

Katika Amerika ya Kaskazini ni desturi ya makanisa mengi kuwapeleka wanafunzi, wakati wa likizo, nchi za mbali ili wawajengee maskini nyumba. Hukaa juma moja au mawili, huchanganya saruji, hupanga matofali, husali pamoja na wenyeji, kisha hurudi kwao. Jambo hili husifiwa sana. Walakini ukuta haupimwi kwa sifa, hupimwa kwa timazi. Basi twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za makala moja iliyojaribu kuzipima safari za namna hii, tuonyeshe ilipofaulu na ilipopunguka.

Makala hiyo ilitolewa mwaka 2006 na Kurt Ver Beek, mwalimu wa Calvin College ya Marekani, aliyekaa miaka mingi katika Honduras, Amerika ya Kati. Mwezi wa Oktoba 1998 tufani iliyoitwa Mitch iliipiga nchi hiyo. Mito ilifurika, vilima vikaporomoka, maelfu ya watu wakafa, na wengi zaidi wakakosa makao. Ndipo makundi ya Wakristo kutoka kaskazini yalipokuja kusaidia kujenga. Nyumba nyingine zilijengwa na mashirika ya Kikristo ya wenyeji, pasipo wageni. Ver Beek aliona hapo njia ya kulinganisha: akawauliza wenye nyumba za namna zote mbili, akawauliza na wale waliosafiri.

Hakuona tofauti. Waliojengewa na wageni hawakuwa wameendelea kuliko wenzao, wala kwa mambo ya roho wala kwa hali ya maisha. Nyumba moja ilikuwa ya thamani ya dola 2,000 hivi, nalo kundi moja lilitumia kama dola 30,000 kwa safari yake. Kwa fedha hiyo zingaliweza kusimama nyumba kumi na tano, na mafundi wa Honduras wangalipata mshahara wakati walipouhitaji sana.

Wapo watakaojibu kwamba safari haikuwa kwa ajili ya nyumba tu, bali vijana wenyewe wapate kugeuka moyo, kwani samaki hukunjwa angali mbichi. Jibu hilo nalo Ver Beek alilipima. Wengi wa waliosafiri walisema kuwa tangu kurudi kwao wamezidi kutoa sadaka. Lakini vitabu vya hesabu vya shirika lililosimamia safari havikuonyesha ongezeko la namna hiyo. Hapa twamsifu mwandishi, kwa kuwa hakuridhika na ushuhuda wa mtu juu ya nafsi yake.

Hata hivyo twaona upungufu. Msomaji aweza kuifunga makala hiyo akidhani ya kuwa yatosha kutuma fedha na kukaa nyumbani. Aliyepotewa na vyote huenda akafarijika kuona mtu ametoka mbali akaketi naye, na faraja hiyo haihesabiwi kwa dola. Swali ambalo tungalipenda litiliwe nguvu zaidi ni hili: mkuu wa kazi alikuwa nani? Uashi ni kazi ya kujifunza. Mwanafunzi ambaye kwao hajashika mwiko hata siku moja, akifika ugenini huitwa mjenzi. Na mwenye nyumba, ambaye labda ajua kujenga, husimama kando huku watoto wake wakimtazama. Kuja kwa mgeni si kosa. Kosa ni kumpa mgeni mahali pa mwenyeji.

Iko njia iliyo bora. Shirika la Habitat for Humanity, lililoanzishwa na Millard Fuller na mkewe Linda mwaka 1976 katika mji wa Americus, Georgia, lina wasaidizi vijana pia. Lakini tangu mwanzo lilitaka mwenye nyumba afanye kazi kwa mikono yake, alipe bei kidogo kidogo pasipo faida, na malipo yake yasaidie kujenga nyumba za wengine. Hapo kijana ni msaidizi, na nyumba ina mwenyewe. Nehemia naye alitoka mbali, Shushani. Walakini alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, akautazama ukuta usiku kabla ya kusema neno, na kazi ilipoanza wengi walijenga kila mtu kuielekea nyumba yake.

Makala ya Ver Beek yastahili kusomwa na kila kanisa lipelekalo vijana, na zaidi na makanisa yapokeayo. Kenya na Tanzania nazo hupokea makundi ya namna hii. Mgeni njoo, mwenyeji apone, twasema. Basi mwenyeji ndiye ajuaye alipo na ugonjwa. Yawapasa wazee wa kanisa kusema kabla msingi haujachimbwa: ni nyumba ya nani itangulie, ni fundi gani wa hapa atakayewaongoza vijana, na gharama ya safari ni kiasi gani. Wakiona ya kwamba fedha ingefaa kuliko mikono, na waseme hivyo kwa adabu, wala wasinyamaze kwa haya. Nao wageni wampendao Mungu kwa kweli watalipokea neno hilo.