Foleni Isiyojaa Ndani ya Spring Boot

Kutuma kazi nyuma ya pazia katika Spring Boot ni rahisi mno. Unaweka @EnableAsync kwenye klasi ya mipangilio, unabandika @Async juu ya mbinu inayotuma barua pepe, na mteja anajibiwa papo hapo huku barua ikishughulikiwa na uzi mwingine. Shida huanza siku ya msongamano, barua zinapochelewa. Wengi hukimbilia spring.task.execution.pool.max-size na kuandika 50. Hakuna kinachobadilika.

Sababu iko ndani ya Java yenyewe, katika ThreadPoolExecutor. Kazi ikifika kabla nyuzi za msingi hazijatimia, uzi mpya huanzishwa. Zikishatimia, kazi huwekwa kwenye foleni. Foleni ikijaa, na hapo tu, ndipo nyuzi za ziada huongezwa hadi kikomo cha juu. Kikomo nacho kikifikiwa, kazi hukataliwa. Spring Boot huanza na nyuzi 8 za msingi na foleni inayobeba kazi zaidi ya bilioni 2. Foleni hiyo haijai. Kumbukumbu ya seva itaisha kwanza, na ile 50 uliyoandika haitatumika hata mara moja. Tena kazi zinazongoja humo zimo kwenye kumbukumbu tu: seva ikizimika ghafla, zimepotea.

Kwa hiyo kigezo cha kuanza nacho ni queue-capacity. Ukiweka nyuzi 8 za msingi, 16 za juu na foleni ya 100, programu itabeba kazi 116 kwa pamoja. Ya 117 itarudishwa na TaskRejectedException, isipokuwa uwe umetengeneza ThreadPoolTaskExecutor yako na kuipa CallerRunsPolicy, ambayo humwachia aliyeleta kazi aifanye mwenyewe. Kwa barua pepe naipenda sera hii, kwani hupunguza kasi ya maombi yanayoingia bila kutupa kitu. Kwa ripoti ya dakika kadhaa siipendekezi, maana mteja atakwama akingoja.

Kuna mitego mingine miwili. Mbinu ikiitwa na mwenzake wa klasi ileile, @Async haitoi hitilafu yoyote. Haifanyi kazi tu, kwa sababu wito haukupitia kwa wakala (proxy) wa Spring. Na mbinu isiyorudisha kitu ikishindwa, aliyeiita hapati habari, kosa linaishia kwenye logi. Rudisha CompletableFuture pale matokeo yanapohitajika.

Toleo la 3.2 la Spring Boot, likiwa juu ya Java 21, linaruhusu nyuzi pepe (virtual threads) kwa spring.threads.virtual.enabled=true. Ukiziwasha, vigezo vyote vya pool hupuuzwa. Lakini HikariCP, maktaba inayosimamia miunganisho ya hifadhidata, isipobadilishwa hutoa miunganisho 10 tu, na nyuzi elfu moja zitaigombania hiyohiyo. Weka basi spring.task.execution.simple.concurrency-limit kabla ya kupeleka programu kwa wateja.