Kutoka Mathari hadi Nadharia ya Fasihi Simulizi: Safari ya Dhana Moja

Makala haya yanahusu safari ya dhana moja: kwamba Mwafrika ana upungufu unaomzuia kujitenga na tukio, kulitazama na kulitafakari. Dhana hii ilivishwa joho la sayansi mjini Nairobi katika miaka ya 1930, ikaitumikia dola katika miaka ya 1950, kisha ikapenya kwa mlango wa uani katika vitabu tunavyovitumia kufundishia fasihi simulizi. Tunanuia kuonyesha kwamba chuki ya rangi haifi pale tu sayansi iliyoizaa inapokanushwa. Aghalabu hubadili vazi, na kazi mojawapo ya mhakiki ni kuitambua katika vazi lake jipya.

Mnamo mwaka 1934, F. W. Vint, aliyefanya kazi katika maabara ya utabibu mjini Nairobi, alichapisha matokeo ya uchunguzi wa bongo za Waafrika waliofariki. Alidai kwamba tabaka la nje la bongo hizo lilikuwa jembamba kuliko la Wazungu. Miaka minne baadaye hospitali ya Mathari ilikabidhiwa kwa J. C. Carothers, daktari ambaye wakati huo hakuwa na mafunzo rasmi ya tiba ya akili. Mwaka 1951 Carothers alimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Vita vya Mau Mau vilipokuwa vimepamba moto, serikali ya kikoloni ilimtaka aeleze saikolojia ya wapiganaji. Ripoti yake ilichapishwa na mpigachapa wa serikali mjini Nairobi mwaka 1954.

Ripoti hii kwa kawaida huachiwa wanahistoria. Sisi tunapendekeza isomwe kama masimulizi, kwa kuwa ina msimulizi, wahusika na ploti. Msimulizi wake ni yule ajuaye yote: huingia katika nafsi ya Mkikuyu na kutoka humo apendapo, asiulizwe aliingiaje. Mhusika wake mkuu ni mhusika bapa, “Mwafrika”, asiye na jina, kijiji wala umri, naye hakui kadiri hadithi inavyoendelea. Ploti yake inaanzia katika nafsi iliyovurugwa na mpito kutoka ukale hadi usasa, na kuishia katika tiba ambayo dola itaitoa. Suala la ardhi, ambalo wapiganaji wenyewe waliliweka mbele, linasukumwa kando na suala la hulka. Na tiba yenyewe? Ripoti iliunga mkono mpango wa kuwakusanya watu vijijini, mpango ambao hatimaye uliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni moja katika Kenya ya kati. Hapa ndipo tunapoona mamlaka, sayansi na chuki vikishikana mikono. Mamlaka yaliuliza swali, chuki ikalijibu, nayo sayansi ikaliandika jibu hilo kwa lugha ya kitaalamu.

Frantz Fanon, aliyekuwa naye daktari wa akili katika Algeria ya wakoloni, aling'amua jambo hili mapema. Katika kitabu chake cha mwaka 1961, ambacho Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga walikitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa (1978), anamtaja Carothers pamoja na madaktari wa Algiers waliofikia hitimisho kama lake. Fanon anatuonyesha kwamba tabia iliyoitwa maumbile ilikuwa zao la hali ya ukoloni. Ingetazamiwa kwamba baada ya hukumu hiyo mjadala ungefungwa. Haikuwa hivyo.

Mwaka 1959 Carothers alichapisha makala mengine, safari hii kuhusu utamaduni, tiba ya akili na neno lililoandikwa. Ubongo ulikuwa umesogezwa nyuma; maandishi yakachukua nafasi yake. Mtu asiyeandika, alidai, huishi katika ulimwengu wa sauti, ulimwengu uliojaa nguvu na hisia, ilhali maandishi humpa msomaji umbali wa kutafakari peke yake. Marshall McLuhan aliyategemea makala hayo katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu athari za uchapaji, na Walter Ong akayarejelea katika kitabu chake cha mwaka 1982 kuhusu usimulizi na maandishi. Kitabu hiki cha Ong ndicho wanafunzi wetu wengi hukikimbilia wanapoandika sura ya msingi wa nadharia.

Tusimwonee Ong. Yeye alitahadharisha dhidi ya kuwaita watu wasioandika washenzi, na mengi aliyoyaeleza kuhusu urudiaji na kumbukumbu yana manufaa. Hata hivyo, pale anapodai kwamba msongo wa nafsi miongoni mwa watu wasioandika huelekea kulipuka nje kwa vurugu badala ya kugeukia ndani, shahidi wake ni daktari wa Mathari. Msomaji aliye Ohio anaweza kuupita ushahidi huo bila kushtuka. Sisi tulio Nairobi hatuna udhuru, kwa sababu wagonjwa ambao Carothers alianza kuwatolea hukumu walikuwa watu wa hapa, waliofungiwa na kupimwa na serikali isiyowatambua kuwa raia.

Jibu la haraka ni kusema kwamba sisi pia tuliandika. Kweli, Utenzi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728 na kuhifadhiwa kwa hati za Kiarabu. Lakini jibu hili linaikubali mizani ya Carothers na kudai tu kwamba tulipimwa vibaya. Linamwokoa mshairi wa Pate na kumwacha bibi msimulia ngano papo hapo alipokuwa.

Jibu zito zaidi limo ndani ya fasihi simulizi yenyewe. Methali “Haraka haraka haina baraka” inaishi katika jamii ile ile na “Ngoja ngoja huumiza matumbo”. Mwenye kuzitumia hana budi kuipima hali iliyo mbele yake, kutilia shaka methali moja na kuiteua nyingine. Huko ndiko kujitenga na jambo ili kulitafakari, na hakukungoja kalamu. Ebrahim Hussein analipeleka wazo hili kwenye jukwaa katika Kinjeketile (1969). Shujaa wake ametoa neno lililowaunganisha watu dhidi ya Wajerumani, kisha analigeukia neno lile lile na kuuliza lilitoka kwa nani na lina maana gani. Mwishoni afisa wa Kijerumani anamtaka akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa anajua kukiri huko kutatumiwaje dhidi ya vizazi vijavyo. Mtu anaweza kupinga kwamba tamthilia hiyo ni maandishi ya msomi. Ni kweli, ndiyo maana tumeanza na methali. Hussein hakuibuni tafakuri hiyo. Aliipa mhusika duara wa kuibeba, mhusika ambaye ripoti ya mwaka 1954 haikuweza kumwona.

Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipopendekeza fasihi ya Kiafrika, pamoja na fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, walikuwa wakidai mabadiliko ya mahali tunaposimama tunapoutazama ulimwengu. Mabadiliko hayo hayatakamilika ikiwa tutakusanya ngano za nyanyaa zetu na kuzipima kwa kipimo kilichotengenezwa ili kuthibitisha kwamba nyanya hawezi kuwaza. Mwanafunzi wa uzamili anayemnukuu Ong na afanye hivyo, lakini auandame ushahidi wake hadi chanzoni, amtaje Carothers kwa jina, na aeleze ni nani aliyemlipa na kwa kazi gani. Baada ya hapo ndipo amrudie fanani aliyemrekodi, na kusikiliza upya ni wapi katika ngano hiyo msimulizi anasita, anajisahihisha, au anakicheka kile anachokisimulia.